Bikini: Kisiwa Kilichogeuzwa Nguo

Kiingereza kina maneno mengi yaliyoanza kama majina ya mahali. Kitambaa cha denim kimepata jina kutoka mji wa Nîmes, Ufaransa. Kaliko kutoka Calicut, bandari ya kusini mwa India. Nasi tunayo ya namna hiyo: shelisheli tunalolichemsha na kulikaanga lina jina la visiwa lilikotoka, na merikani waliyovaa bibi zetu ilitajwa kwa nchi iliyoifuma. Majina kama hayo hutembea taratibu. Mfanyabiashara huleta bidhaa, watu huuliza imetoka wapi, na jibu hugeuka kuwa jina.

Bikini ni kisa kingine kabisa. Hakuna jora la kitambaa lililowahi kutoka huko, wala fundi wa huko hakushona vazi lolote la kuogelea. Jina lilienea duniani kwa siku chache za Julai 1946, na lilienea kwa sababu kisiwa chenyewe kilikuwa kinapigwa mabomu. Kuanzia hapo historia zikawa mbili: ya neno na ya watu. Ya neno inajulikana kila pwani yenye watalii. Ya watu inastahili kujulikana zaidi.

Pikinni, kabla ya 1946

Katikati ya Bahari ya Pasifiki, kaskazini mwa mstari wa Ikweta, vimetawanyika Visiwa vya Marshall. Vingi si visiwa vya mlima wala vya udongo mzito. Ni pete za matumbawe: vipande vyembamba vya ardhi vilivyozunguka bahari ya ndani iliyotulia. Bikini ni mojawapo ya pete hizo. Ina visiwa vidogo 23, na ukivijumlisha vyote hupati zaidi ya kilomita za mraba 6 za nchi kavu, huku bahari ya ndani ikikaribia kilomita za mraba 600. Kwa hiyo utajiri wa mtu wa Bikini ulikuwa majini, na ufundi wake ulikuwa wa mashua za matanga zenye tengo upande mmoja, kwa namna ambayo mvuvi wetu wa ngalawa angeitambua mara moja.

Wenyewe waliiita Pikinni, maana yake ardhi ya minazi. Waliishi kwa nazi, mashelisheli, matunda ya mkadi, samaki, kasa na kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopanda minazi. Mtu wa Pemba au Lamu angekaa kwenye karamu yao bila kuuliza kila kitu kinaitwaje.

Wageni walipita kwa zamu. Mwanzoni mwa karne ya 19 nahodha Otto von Kotzebue wa Urusi aliiandika kwenye ramani kwa jina la mtaalamu wa viumbe wa msafara wake, Eschscholtz, kana kwamba haikuwa na jina. Kuanzia 1885 Wajerumani walitawala Visiwa vya Marshall, na wao ndio waliolisikia jina la wenyeji na kuliandika kwa B: Bikini. Mwaka 1914 Wajapani waliwafukuza Wajerumani. Mwaka 1944 Wamarekani waliwashinda Wajapani katika vita vikali huko Kwajalein, kusini mwa Bikini. Watu wa Bikini hawakuombwa rai katika badiliko lolote kati ya hayo, lakini kwa kuwa walikuwa mbali na wachache, maisha yaliendelea. Ule upweke wao ndio uliokuja kuwaponza.

Jumapili moja ya Februari

Vita vya Pili vya Dunia vilimalizika Agosti 1945 kwa mabomu mawili ya atomu, Hiroshima na Nagasaki. Jeshi la Maji la Marekani lilibaki na swali la kutisha kwake: je, manowari zina maana yoyote tena ikiwa bomu moja linaweza kuteketeza mji? Likataka kujaribu. Ilitakiwa bandari ya asili, kubwa na tulivu, mbali na njia za meli, iliyo karibu na uwanja wa ndege za kurusha bomu, na yenye watu wachache wa kuhamishwa. Bikini ilikidhi kila sharti.

Tarehe 10 Februari 1946, Jumapili, watu walipokuwa wametoka kanisani, gavana wa kijeshi wa Visiwa vya Marshall, Ben Wyatt, alikaa nao chini ya minazi. Alijua anaongea na Wakristo, akawafananisha na wana wa Israeli. Aliwaomba waondoke kwa muda ili Marekani ijaribu mabomu, kwa faida ya wanadamu wote na kwa ajili ya kukomesha vita duniani. Mkuu wao, Juda, alijibu baada ya mashauriano kwamba watakwenda, na kwamba kila kitu kimo mikononi mwa Mungu.

Jibu hilo limetafsiriwa mara nyingi kuwa ridhaa. Mimi sioni ridhaa hapo. Miaka miwili nyuma watu hawa walikuwa wameona taifa hilohilo likilishinda jeshi la Japani lililokuwa likiwatawala, na sasa afisa wake alikuja kuomba huku uamuzi umeshapitishwa na kutangazwa Washington mwezi uliotangulia. Baadaye, kabla hawajaondoka, waliombwa kuigiza kikao kile mbele ya kamera, wakarudia mara kadhaa hadi wapiga filamu waridhike. Filamu hizo zipo. Unamwona Wyatt ameketi akisema maneno yake, na watu wamekaa mchangani, wanawake na watoto, wakisikiliza kwa mara nyingine ombi walilokwisha kulijibu.

Tarehe 7 Machi watu 167 walipakiwa kwenye meli ya kijeshi na kupelekwa Rongerik, pete nyingine ya matumbawe iliyo kilomita 200 hivi upande wa mashariki.

Julai 1946: kisiwani na Paris

Majaribio yalipangwa kama maonyesho. Zaidi ya meli 90 zilitiwa nanga katika bahari ya ndani ya Bikini ziwe shabaha: meli chakavu za Marekani, manowari ya Kijapani Nagato, meli ya Kijerumani Prinz Eugen, na meli kubwa ya kubeba ndege, Saratoga. Juu ya baadhi ya meli walifungwa mbuzi, nguruwe na panya ili ionekane mionzi ingewafanya nini. Askari na wataalamu walikuwa kama 42,000. Waandishi wa habari walialikwa, na redio zikatangaza moja kwa moja. Wiki nzima kabla ya hapo, kuanzia New York hadi Tokyo, jina la Bikini lilikuwa kwenye kila gazeti.

Tarehe 1 Julai ndege iliangusha bomu la kwanza. Lilikosa shabaha kwa mamia ya mita na kuzamisha meli tano tu, hata baadhi ya waandishi wakavunjika moyo. Bomu la pili, tarehe 25 Julai, lililipuliwa chini ya maji. Hilo ndilo tunaloliona katika picha maarufu: nguzo nene ya maji imesimama baharini, na meli zikionekana chini yake kama vitu vya kuchezea. Maji yale yalirudi chini yakiwa na sumu ya mionzi na kuzifunika meli zote. Mabaharia walitumwa kuzisugua kwa brashi na sabuni. Haikusaidia, na jaribio la tatu likafutwa.

Sasa twende Paris. Majira yale ya kiangazi, ya kwanza yenye amani kamili baada ya miaka sita, watu walitamani bahari. Kitambaa kilikuwa bado adimu. Mbunifu Jacques Heim alikuwa ametoa vazi la kuogelea la vipande viwili akaliita Atome, atomu, akijisifu kwamba ndilo dogo kuliko yote duniani. Mshindani wake alikuwa Louis Réard, mhandisi wa magari aliyekuwa akiendesha duka la mama yake la nguo za ndani. Réard alipunguza zaidi: vipembetatu vinne vya kitambaa vilivyounganishwa kwa kamba, vikaacha kitovu wazi. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, kwa sababu vazi la vipande viwili lilikuwepo zamani. Katika kasri la Kirumi karibu na Piazza Armerina, Sicily, kuna nakshi ya sakafu ya karne ya 4 inayoonyesha wasichana wakicheza mpira wakiwa na nguo kama hizo. Kitovu ndicho kilichokuwa mwiko mpya.

Tarehe 5 Julai, siku nne baada ya bomu la kwanza, Réard alionyesha vazi lake kwenye bwawa la Molitor. Wanamitindo wa kawaida hawakukubali kulivaa, hivyo alimwajiri Micheline Bernardini, mchezaji dansi wa Casino de Paris. Kitambaa kilichapishwa maandishi ya magazeti, kwani Réard alijua atafika kwenye magazeti. Mkononi Bernardini alishika kiboksi kidogo cha kutosha kulitia vazi zima ndani. Jina ambalo Réard alilichagua ni lile lililokuwa midomoni mwa watu wote juma hilo: bikini.

Alikuwa na hesabu nzuri ya biashara. Heim alikuwa ametaja atomu. Yeye akataja mlipuko wenyewe. Baada ya miaka michache neno lilikuwa limeshika katika Kifaransa na kuvuka hadi Kiingereza, likiandikwa kwa herufi ndogo ya mwanzo, alama kwamba limekwisha kuwa nomino ya kawaida.

Njaa ya Rongerik, 1946–1948

Wakati vazi linaanza kuuzwa, wenye jina walikuwa wanapungukiwa chakula. Rongerik ilikuwa na ardhi ndogo kuliko theluthi ya ile ya Bikini. Hakuna aliyekuwa akiishi huko, na wakazi wa visiwa jirani waliiogopa kwa sababu waliamini inakaliwa na pepo mbaya. Jeshi liliwaachia vyakula vya wiki chache. Minazi ya huko ilizaa kidogo, baadhi ya samaki walikuwa na sumu, na mwaka 1947 moto uliteketeza sehemu kubwa ya minazi iliyokuwepo.

Mwaka huohuo wa 1947 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Marekani udhamini wa Visiwa vya Marshall, na katika mkataba Marekani iliahidi kuwalinda wakazi wasipoteze ardhi na mali zao. Mwanzoni mwa 1948 mtaalamu wa tamaduni kutoka Chuo Kikuu cha Hawaii, Leonard Mason, alifika Rongerik na kukuta watu wamekonda, wanakaribia kufa kwa njaa. Mwezi Machi waliondolewa na kuwekwa katika mahema kando ya uwanja wa ndege wa Kwajalein. Mwezi Novemba walipelekwa Kili.

Kili haina bahari ya ndani. Ni kipande kimoja cha ardhi kisichofika kilomita moja ya mraba, kinachopigwa na mawimbi pande zote, na kwa miezi mingi ya mwaka mashua haiwezi kushuka majini. Mvuvi aliyezaliwa penye maji tulivu ya kilomita za mraba 600 akawekwa mahali asipoweza kuvua. Mashua za tengo ziliachwa, ujuzi wa kuziunda na kuziongoza ukaanza kufa pamoja na wazee, na watu wakaanza kutegemea makopo yaliyoletwa na meli pale meli ilipoweza kufika.

1 Machi 1954

Mabomu ya 1946 yalikuwa madogo ukilinganisha na lililofuata. Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua Bikini bomu la haidrojeni lililopewa jina la Bravo. Wataalamu walitarajia nguvu ya megatoni 6. Ikatoka 15, mara 1,000 ya bomu la Hiroshima. Kosa lilikuwa katika aina moja ya lithiamu iliyowekwa ndani ya bomu: walidhani haitashiriki katika mlipuko, kumbe ilishiriki. Visiwa vitatu vya Bikini vilitoweka kabisa au kwa sehemu kubwa, na mahali pake pakabaki shimo lenye upana wa kilomita 2 hivi.

Upepo ulivuma kuelekea mashariki. Huko Rongelap, kilomita 150 hivi kutoka hapo, ulianza kunyesha unga mweupe wa matumbawe yaliyoungua. Watoto hawakuwahi kuona kitu kama hicho, wakauchezea. Uliingia katika maji ya kunywa na kwenye vyakula. Kufikia usiku watu walikuwa wanatapika na ngozi inawawasha. Waliondolewa baada ya siku mbili, na nywele zikaanza kuwadondoka. Mtoto mmoja aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja tu siku ile, Lekoj Anjain, mtoto wa mkuu wa Rongelap, alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1972.

Unga huohuo uliwafika wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya mashua ya jodari iitwayo Daigo Fukuryu Maru, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Opereta wao wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba. Japani nzima ilitaharuki: samaki walifukiwa ardhini, na saini za kupinga mabomu zikazidi milioni 30. Mwezi Novemba filamu ya kwanza ya Godzilla ilitoka, ikiwa na zimwi lililoamshwa na mabomu baharini. Mwaka 1963 mataifa makubwa matatu yalitia saini mkataba wa kukomesha majaribio angani na majini, na kilio kilichoanzia Bravo kilikuwa miongoni mwa sababu.

Majaribio katika Bikini yenyewe yalikoma 1958. Yalikuwa 23.

Neno linazaa

Vazi nalo lilikuwa na safari yake, na sitaki kulidharau, kwa maana limebeba mabishano ya kweli kuhusu mwili wa mwanamke na nani mwenye kuuamulia. Mashindano ya kwanza ya Miss World, London 1951, mshindi alivishwa taji akiwa amelivaa, jambo lililozua malalamiko makali. Pwani kadhaa za kusini mwa Ulaya zililipiga marufuku. Brigitte Bardot alilivaa Cannes mwaka 1953 na Ursula Andress katika filamu ya James Bond ya 1962, na baada ya hapo hakukuwa na wa kulizuia.

Mwaka 1964 mbunifu Rudi Gernreich alitoa vazi la kipande kimoja akaliita monokini. Watu walikuwa wamesikia “bi”, kiambishi cha Kilatini cha maana ya mbili, wakadhani bikini ni “kini mbili”. Kwa hiyo “mono” ikawa moja. Zikafuata tankini na nyinginezo. Katika miaka ya 2000, Aheda Zanetti wa Australia alibuni burkini kwa wanawake wa Kiislamu wanaotaka kuogelea wakiwa wamejistiri. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ililipiga marufuku, hadi mahakama ya juu ya utawala ikalisimamisha katazo la mji mmoja na kuonyesha njia kwa mengine. Pwani ya nchi ileile iliyogombania kitovu wazi sasa iligombania mwili uliofunikwa. Na katika maneno yote hayo, ile silabi “ki-ni” ni mabaki ya Pikinni: sehemu ya neno la watu wa Marshall kuhusu minazi, iliyokatwa pasipo na kiungo. Watoto wa leo wanalijua jina hilo kwa katuni ya SpongeBob, ambaye mji wake chini ya bahari unaitwa Bikini Bottom.

Kurudi, na kuondolewa tena, 1968–1978

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba Bikini ni salama na watu watarudi. Vifusi viliondolewa, minazi mipya ikapandwa kwa mistari, nyumba zikajengwa. Baadhi ya wakuu walisitasita, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia chache zilirejea.

Hatari ilikuwa kwenye chakula. Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo sana, na mnazi huihitaji. Sesiamu iliyoachwa na mabomu hufanana na potasiamu kikemia, basi mzizi uliivuta badala yake na kuipeleka kwenye nazi, na kaa anayekula nazi akaibeba mwilini. Mtu aliyekunywa dafu la kisiwani kwake, kama babu zake walivyofanya, alikuwa anajaza sesiamu kwenye misuli yake. Vipimo vya miili ya wakazi vilizidi kupanda mwaka hadi mwaka. Septemba 1978 meli ilikuja kuwachukua, safari hii watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto waliozaliwa hapo.

Deni

Mwaka 1987 watu wa Bikini walijitengenezea bendera. Inafanana na ya Marekani kwa makusudi, ili kuikumbusha deni. Ina nyota nyeupe 23 za visiwa vyao, nyota tatu nyeusi za visiwa vilivyoharibiwa na Bravo, na mbili nyeusi za Kili na Ejit, wanakoishi uhamishoni. Chini yake yameandikwa maneno ya Juda ya mwaka 1946.

Mwaka 2001 baraza la madai ya nyuklia, lililoundwa kwa makubaliano na Marekani yenyewe, liliamua kwamba watu wa Bikini walipwe zaidi ya dola milioni 563. Mfuko wa baraza haukuwa na fedha hizo. Kilicholipwa hakikufika hata asilimia moja. Walipokwenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa mwaka 2010 kusikiliza shauri lao. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Bikini katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wapiga mbizi matajiri huenda kuitazama Saratoga na Nagato chini ya maji. Hukaa siku chache na hula chakula kilicholetwa na meli.

Kili nayo sasa inaingiwa na maji. Bahari inapanda, na katika miaka ya karibuni mawimbi makubwa yamevuka kisiwa na kutia chumvi kwenye bustani na visima. Mwaka 2015 viongozi wa Bikini waliomba serikali ya Marekani ibadili masharti ya mfuko wa makazi, ili fedha zilizokusudiwa kuwatafutia makao ndani ya Visiwa vya Marshall ziweze kutumika kuwahamishia Marekani.